Siku Ombui Alipokuja Kwetu

"Nyanchera, toka jikoni! Wageni wamefika!" mama aliita.

Nilifuta mikono kwenye leso. Kwa miaka mitatu nilikuwa nikisubiri kusikia maneno hayo. Kila nilipomuuliza Ombui atakuja lini kumwona baba, jibu lilikuwa lile lile: "Albamu kwanza, mpenzi." Ana kampuni ndogo ya kurekodi muziki pale Keroka, Rigena Rekodi, chumba kimoja juu ya duka la mbolea, kuta zimefunikwa magodoro ya kuzuia kelele. Godoro moja ni langu. Nilikuwa nimechoka, jamani.

Sasa alikuwa amesimama uani kwetu Sironga, suti imenyooka, mkate na sukari mkononi, kando yake mzee mmoja mwenye kofia na koti refu.

"Huyu ni baba yangu mdogo," Ombui alimwambia baba.

"Karibuni. Kwanza tujuane," baba alisema tulipoketi. Kwetu hakuna posa bila kuulizana ukoo, ndugu wasije wakaoana. "Nyinyi ni watu wa wapi?"

"Sisi ni watu wa ukoo wa Bonchari, mzee," yule baba mdogo alijibu haraka.

Baba alimgeukia Ombui. "Si uliniambia kwa simu wewe ni wa Bobasi?"

"Eeh... Bobasi, mzee."

"Mtoto Bobasi, ndugu ya babake Bonchari? Hiyo boma ni ya aina gani?"

Baba mdogo alianza kutoka jasho, na mvi za ndevu zake zikaanza kuyeyuka. Zilikuwa poda! Nilimtazama vizuri.

"Mathew?"

Alikuwa Mathew, mpiga kinanda wa studio, ambaye hajatimiza hata miaka thelathini.

"Kata! Kata!" sauti ilitoka kwenye migomba. Haron, mpiga picha wao, alijitokeza na kamera. "Bosi, Mathew ameharibu. Turudie pale pa salamu."

"Ombui, hii ni nini?" niliuliza.

Alinivuta kando. "Ni video ya wimbo mpya, beib. Ningekuambia ungeanza kuigiza. Na wazazi wazuri hivi ningewatoa wapi?"

"Mama amechinja jogoo!"

"Na mama ametokea poa sana kwenye kamera! Albamu ikishika nitakuja kweli."

"Kwa hivyo leo umekuja uongo?"

Hapo nililia. Nililia kwa hasira mbele ya wazazi wangu, na Haron, Mungu amsamehe, hakuzima kamera.

Mama alimfuata Ombui na mwiko. "Toka! Toka na hiyo takataka yako!"

"Wacha wale kwanza," baba alisema kwa sauti ya chini. "Mgeni hafukuzwi akiwa na njaa."

Walikula, tena bila aibu. Mathew aliongeza ugali mara mbili.

Jioni simu yangu ikalia. Ujumbe wa Ombui:

"Pole beib. Pale umelia pametoka kali sana. Tunaomba ruhusa tupatumie."

Niliusoma mara ya pili nikitafuta mapenzi ndani yake. Sikuyaona. Nikamjibu:

"Patumieni. Ila mwisho, mkiandika majina ya waigizaji, langu liandikwe hivi: Nyanchera, aliyekuwa mchumba wa Ombui."