Nyama Iliyosifiwa

Asubuhi ile bucha lilifurika watu mpaka nje ya mlango. Mbele ya foleni alisimama mpishi mmoja, mwanamke wa makamo, amevaa gauni la buluu lenye maua madogo, jasho likimchuruzika shingoni.

"Nipimie steki laini kabisa, isiyo na mafuta hata chembe," alisema. "Nimenunua jiko jipya la umeme la kupikia nyama kwa moshi. Leo nalizindua."

Muuza nyama, ambaye watu walimwita Kisu kwa wepesi wa mikono yake, aliitazama steki, kisha akamtazama yeye.

"Hiyo sikuuzii, dada."

"Kwa nini? Imewekewa wajomba zako?"

Foleni ikaangua kicheko. Kisu naye akacheka, kisha akainua pande la kidari lililozungukwa na mafuta meupe.

"Jiko lako linapika polepole, kutwa nzima. Steki itakauka iwe soli ya kiatu. Chukua hiki kigumu chenye mafuta. Moshi ukikibembeleza, ukaidi wote utakwisha."

"Na wewe ukaidi wako unakwisha kwa kubembelezwa na nani?"

"Hajaja bado," alisema Kisu. "Au labda ndiye huyu anayezuia foleni."

Mwenye bucha alimkazia macho kijana wake kwa kuiacha nyama ya bei kubwa ikae pale pale. Mpishi aliyaona macho yale, na moyo wake ukalainika. Aliwahi kuolewa na mwanamume aliyemdanganya hata mahali alikolala. Tangu hapo hakumwomba Mungu mali wala sura. Aliomba mtu mmoja tu ambaye neno lake halihitaji kukaguliwa, na sasa huyu hapa, anasema kweli mbele ya tajiri wake.

Wakapeana namba, simu zikaanza, na haukupita muda wakawa wapenzi.

"Mpenzi, mbavu nizipake nini?"

"Chumvi na pilipili manga, malkia wangu. Na usifungue fungue mlango kama mgeni anayechungulia sufuria. Joto linakimbia."

"Nitajuaje zimeiva?"

"Mfupa ukianza kuchomoza. Mimi nakuja jioni."

Alikuja kila jioni, kwa kuwa mpishi aligundua jambo ambalo hakuwa amelijua alipokuwa akipikia gesi: anayeshinda karibu na moshi ule, ulimi wake hufa ganzi. Jua lilipotua, tamu na chungu kwake vilikuwa kitu kimoja. Basi Kisu akawa mwonjaji wake. Bega, mbavu, mapaja ya kuku, vyote vilipitia kinywani mwake kwanza. Alitafuna akiwa amefumba macho, akatabasamu, akasema, "Tamu, mpenzi." Mpishi alilala usingizi mnono.

Ikaja siku ya jaribio. Meneja wa ukumbi wa sherehe alikuwa amemwahidi jiko la ukumbi, yaani kazi ya kudumu, endapo wageni wake wangekipenda chakula. Mpishi alianza alfajiri. Jirani wa ghorofa ya juu akaja kugonga, "Mama, nguo zangu zinanuka moshi!" Kwa kuona haya, mpishi akaliziba nusu tundu la kutolea moshi, akaendelea na kazi. Moshi ule, ukikosa pa kupita, ulitulia juu ya nyama na kuitia uchungu.

Kisu aliwasili na shati lililopigwa pasi. Alikata kipande cha kidari, akatafuna, akafumba macho.

"Vipi? Niambie kweli, leo ndiyo leo."

"Tamu, mpenzi. Peleka."

Akapeleka. Mgeni wa kwanza aliitema kwenye kitambaa. Wa pili akaomba maji. Meneja alionja, akakunja uso kama aliyelamba masizi.

"Mama, hiki chakula ulikionja?"

"Kilionjwa na mtu ninayemwamini."

Mtu mmoja mezani akacheka, na kicheko kile kilimfuata mpishi hadi nyumbani.

"Amekukomoa," alisema dada yake mkubwa, akimsaidia kusugua trei. "Asikie uchungu ule kisha akuambie peleka? Labda ana mpishi mwingine anayemtakia kazi hiyo hiyo."

"Dada, basi."

"Sitanyamaza. Ulitoka kwa mwongo mmoja ukaingia kwa mwingine."

Mpishi alikataa kupokea simu zake. Siku zikapita, jiko limefunikwa shuka kama maiti. Mwishowe, simu ilipolia tena, akapokea bila salamu.

"Sema."

"Nimeyasikia maneno ya dada yako. Sina mwanamke mwingine," sauti ya Kisu ilikwaruza. "Kuna homa niliyougua kabla hatujajuana, iliondoka na pua yangu na ulimi wangu. Chumvi, asali, pilipili, kwangu vyote ni karatasi."

Mpishi akaketi sakafuni.

"Mbona hukuniambia?"

"Muuza nyama asiyenusa, mpenzi? Nani angenunua kwangu?"

"Mimi sikuwa mteja wako. Mimi nilikuuliza jikoni kwangu, kila siku."

"Uliuliza kwa furaha sana. Niliogopa kuizima."

Mpishi alilia, lakini huruma ilimzidi, akamwalika aje. Jumapili akalifunua jiko, akaacha tundu wazi, akapika kidari kutwa. Kisu alipoingia, walikumbatiana mlangoni kwa muda mrefu, aproni ya mpishi imelowa machozi ya wote wawili. Wakaketi. Mpishi akamwekea kipande kwenye sahani. Hakumwuliza lolote.

Kisu akatafuna. Akafumba macho. Akatabasamu.

"Tamu, mpenzi."

Kisu akafumbua macho, rangi ikamtoka usoni.

"Nisamehe. Limetoka lenyewe."

"Najua. Hilo ndilo linaloniogopesha."

"Nitaacha. Naapa." Akatoa pete mfukoni. "Nilitaka leo... Kubali nikuoe, tuzeeke pamoja. Nakupenda. Hilo si uongo."

Mpishi alimtazama mwanamume aliyempenda. Macho yale yale, tabasamu lile lile, sauti ile ile iliyomsifia nyama iliyomwaibisha. Alitafuta usoni pake alama yoyote ya kulitenga neno hili na yale mengine, akatafuta kama mtu anayepapasa gizani kutafuta ufunguo, asiupate. Pengine lilikuwa kweli. Hakuwa na njia ya kujua, na hangekuwa nayo maisha yake yote.

Akaifunga pete ndani ya kiganja cha Kisu, akivikunja vidole vyake kimoja kimoja.

"Nenda nyumbani."

"Nikupigie kesho?"

"Nipigie."

"Utapokea?"

"Nitapokea," alisema mpishi, akatabasamu. Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa Kisu, na alishangaa jinsi ulivyotoka laini.