Aliyeamshwa Saa Kumi na Mbili

Ilianza na harufu tu: maziwa yaliyochacha, nyuma ya meza ya kompyuta, katika nyumba isiyo na kichanga.

"Panya kafa," akasema Injinia. Jina hilo alijipa mwenyewe. Cheti hana, ila mdomo kajaliwa. Alikuwa ameipangia kompyuta ya nyumbani ijiwashe saa kumi na mbili asubuhi, ijizime saa mbili usiku, na mtaa mzima ukakoma. "Nyie bonyezeni vitufe! Yangu inaamka yenyewe kama askari."

Siku ya tatu, kompyuta ilipojiwasha, kichanga kikalia ndani ya ukuta.

Siku ya saba, ilipojizima, bintiye wa miaka sita akalala papo hapo mezani, tonge mdomoni. Wakamtikisa, wakammwagia maji, wapi! Saa kumi na mbili asubuhi feni ya kompyuta ikavuma, mtoto akafumbua macho, akaendelea kutafuna.

"Baba, ifute hiyo ratiba," mkewe akanong'ona.

Akaifuta, usiku akaizima mwenyewe. Kesho yake kompyuta haikuwaka, na mtoto hakuamka mpaka Injinia alipoiwasha kwa mkono.

Akaitwa mganga, mama mmoja mwenye miwani minene. Alifika mchana, binti akichora sakafuni. Mganga alipoigonga meza mara tatu, mtoto akainua uso, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mwanamke mzima.

"Nilimlaza mwanangu hapa kabla nyumba hii haijajengwa. Huyu akamwamsha. Nikambembeleza akamwamsha, nikamnyonyesha akamwamsha, kila alfajiri macho ya mwanangu mekundu kama kaa la moto, naye yuko nje anajisifu kwa majirani."

"Nisamehe, mama," Injinia akasema, magoti chini. Sauti yote ya mtaani ilikuwa imekauka. "Sikujua. Naihamisha leo hii."

"Hamisha, usihamishe. Mwanangu sasa analala. Na wako analala naye."

Mganga akavua miwani. "Watoto wenu nyie majini... hulala muda gani?"

"Kidogo tu. Miaka arobaini."

Feni ikanyamaza. Kalamu ikamponyoka binti, shavu likatua juu ya mchoro wake. Injinia akairukia kompyuta, akabonyeza kitufe, akabonyeza tena, akachomoa waya akauchomeka akabonyeza kwa ngumi huku mkewe akipiga yowe na skrini ikibaki nyeusi tii.

"Shhh," ikasema sauti, sasa kutoka ukutani. "Mtawaamsha."