Kenge wa Daeng Tene

Jua linazama, mimi nimepanda pikipiki kwenda ng'ambo ya mto Jeneberang kuchukua kenge. Kazi ya kila siku. Mimi Daeng Sibali, Daeng kwetu ni jina la heshima, na Makassar nzima hakuna anayenunua na kuuza nyoka na kenge kwenye simu akanishinda. Chatu niliowafunga kwa mikono hii, ukiwaunga mkia kwa kichwa wanafika Java na wengine wanabaki. Shule sikuiona, lakini tangazo nalisoma, hata kwa kukokota.

Tangazo la kenge huyu lilisema: Dume. Mzima. Anakula vizuri. Amezoea kulala na mtu. Aje mmoja, magharibi.

Na picha. Kenge mkubwa kama mtumbwi, kalala kitandani, kafunikwa saruni. Pembeni yake nywele nyeupe za mtu aliyelala. Picha imepigwa kutoka chini, sakafuni.

Nikapanda ngazi za nyumba iliyojengwa juu ya nguzo. Harufu ya tope na mafuta ya nazi... Bibi kizee mmoja, Daeng Tene, peke yake. Mkekani sahani moja, wali mweusi wa kunata na yai juu.

Kenge akatoka chumbani, taratibu, kama baba mwenye nyumba.

Bibi akaniambia huyo ni pacha wake, tumbo moja, usiku mmoja. Kwetu mambo hayo yapo, kila mtu kayasikia. Akasema ndugu hauzwi, ndugu anakabidhiwa. Anakula yeye kwanza, wewe unamalizia sahani ileile, basi mmekuwa ndugu.

"Sasa Mama, kama hauzwi, ulimtangaza wa nini?"

"Nimtangaze wapi, mwanangu?"

"Kwenye simu."

"Simu sina." Akamtazama kenge. "Nilidhani kakuita mwenyewe."

Nikacheka. Nilikuwa na mteja Surabaya, mtu wa mikoba ya ngozi, ananisubiri. Yai ni nini? Mimi nimekula hata nyoka mbichi. Kenge akala nusu, nikamalizia nusu.

Bibi akaninong'oneza, "Usimwache alale peke yake. Hajawahi."

Nikamfunga miguu, nikamtia kwenye kiroba. Hakufurukuta hata kidogo. Nyumbani nikampiga picha, nikamtangaza ili Surabaya apandishe bei. Kiroba nikakiacha jikoni. Nikalala. Nalala peke yangu. Mke wangu alikwenda kwao Kendari, akasahau kurudi.

Asubuhi simu imejaa vicheko. Mwenzangu wa biashara, Daeng Lurang, kanitumia sauti: "Daeng, hali imekuwa ngumu mpaka unajiuza mwenyewe?"

Nikafungua tangazo.

Ni mimi.

Nimelala, mdomo wazi. Picha imepigwa kutoka sakafuni. Na kwenye mto wa mke wangu... kenge.

Nikakimbilia jikoni. Kiroba kimefungwa, fundo langu lilelile. Ndani hamna kitu. Yeye alikuwa chini ya kitanda, ananitazama.

Tangazo nikalifuta. Likarudi. Nikalifuta tena.

Nikambeba kenge mbio kumrudisha. Chini ya ile nyumba wamejaa watu, ndio wanatoka makaburini. Daeng Tene alikutwa alfajiri kafa, kalala upande mmoja wa kitanda, ule mwingine kauacha wazi. Mzee mmoja akanishika mkono.

"Pole. Wewe ndiye ndugu yake? Alisema ana ndugu."

Nilitaka kusema hapana. Mdomoni nikasikia ladha ya yai.

"Ndiyo," nikasema.

Yule wa Surabaya nimemwambia kenge kafa. Sasa kila magharibi napika wali, naweka sahani moja, anaanza yeye. Usiku kitanda kinabonyea upande wa pili, na kitu cha baridi kinajisogeza mgongoni kwangu. Mimi niliyefunga chatu wa kufika Java... sigeuki.

Tangazo silifuti tena. Linasema: Dume. Mzima. Anakula vizuri. Hajazoea mtu. Aje mmoja, magharibi.

Najua Daeng Tene alipopata wa kumpokea kenge hakuiona asubuhi. Najua vizuri. Lakini adhana ikilia tu, najikuta nasikiliza ngazi za kwangu, kama kuna anayepanda.

Watu maelfu wameliangalia.

Hajapiga hata mmoja.