Dawa Haibanwi Kama Unga

Katarina wa Kigwa ni hodari wa kubana matumizi. Debe la unga linaloisha kwa wiki moja kwa wengine, kwake hufika wiki mbili. Majirani humtania kwamba hata panya wa nyumbani kwake wamekonda.

Mume wake, Revocatus, ni mfugaji wa nyuki. Mwaka jana aliugua ugonjwa wa akili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia. Kigwa haikuwa na daktari wa akili, basi wakapanda treni hadi Tabora mjini. Daktari alimpa vidonge. Revocatus akapata nafuu, akarudi kwenye mizinga yake.

Miezi michache iliyopita aliugua tena, akaacha kulala. Alizunguka uani akibishana na watu wasioonekana. Asubuhi moja kaka yake, Anselm, alikuja na kamba.

"Shemeji, tumfungie kwenye bani la kukaushia tumbaku," alisema. "Akipotelea porini, tutamtafuta wapi?"

Katarina alilia. Hakutaka mume wake afungwe, lakini aliogopa kumpoteza.

Jirani yao Eustadia, mhudumu wa afya wa kijiji, alisikia kilio akaingia.

"Mwangaluka," aliwasalimu. "Katarina, naomba nione vidonge vya mumeo."

Katarina alileta kopo. Ndani mlikuwa na vidonge vilivyokatwa nusu nusu.

"Umevikata wewe?"

"Ndiyo, dada. Daktari yuko mbali. Nikasema nimpe nusu, vifike hadi mavuno. Si haba na haba hujaza kibaba?"

"Kwa unga, sawa. Kwa dawa, hapana. Nusu dozi haimtoshi. Ndiyo maana ugonjwa umerudi."

"Na kamba?" Anselm aliuliza.

"Weka chini. Ukimfunga ataumia, na ataogopa zaidi. Kaa naye, ongea naye polepole."

Walimsindikiza Revocatus hadi zahanati. Muuguzi alimpigia simu daktari wa Tabora, wakakubaliana dozi.

"Nimefundishwa kuhudumia wagonjwa wa akili," muuguzi alisema. "Dawa mtachukua hapa kila mwezi. Jambo likinishinda, nitamuuliza daktari. Kwa nini hamkuja mapema?"

"Tulidhani ugonjwa huu unatibiwa mjini tu," Katarina alijibu. Aliona aibu, lakini moyo wake ulitulia.

Sasa Katarina anampa mume wake kidonge kizima, na dawa huifuata kabla haijaisha. Baada ya wiki kadhaa Revocatus alianza kulala vizuri. Juzi alirina asali, akamwita Eustadia aje kuonja.

Anselm naye alikuwepo. Alikula kidogo, kisha akamgeukia Eustadia.

"Dada Eustadia," alisema, "tangu mke wangu afariki, silali. Kuna siku natamani nisiamke. Niliogopa kwamba mkijua mtanikimbia."

"Umefanya vizuri kusema," Eustadia alimjibu. "Twende zahanati leo hii."

Revocatus aliinuka, akanawa mikono.

"Nakwenda nawe, kaka," alisema. "Njia naijua."