Posa Iliyowahi Mtihani

Jumamosi asubuhi pale sokoni Ngamiani hapakuwa na pa kukanyaga. Wauza samaki walikuwa wakiitana, mwanamke mmoja akigombana na muuza nazi, na mbele ya duka la vyakula foleni ilikuwa imepinda hadi barabarani. Katikati ya foleni hiyo alisimama msichana mrefu, mwembamba, amevaa gauni la buluu la wanafunzi wa uuguzi na mtandio mweupe kichwani. Macho kayafumba, midomo inacheza.

"Klavikula. Skapula. Humerasi. Radiasi."

Nyuma yake alikuwapo kijana mwenye shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa. Alisikiliza, akavumilia, mwisho akashindwa.

"Dada, huyo unayemsomea kakukosea nini?"

Msichana akafumbua macho. "Nani?"

"Huyo unayemwitia majini. Kama ni mwenye duka, mwache kwanza atuuzie."

Watu wakacheka. Msichana hakucheka. "Ni mifupa," akasema. "Ya mkono. Nina mtihani baada ya wiki tisa, na ukinikatiza inanibidi nianze upya."

"Basi anza. Mie nina nafasi."

Akaanza upya, akashuka hadi kwenye vidole, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akamaliza bila kukwama. Alipofika mbele alinunua wanga wa kutilia kofia, maana kofia ya muuguzi ikilala kama sikio la mbuzi, Metroni, mkuu wa wauguzi, humkata mtu mapumziko yake ya Jumapili. Kijana akamwuliza jina kwa adabu. Mwanamkasi binti Sadalla, mtu wa Pangani. Yeye alikuwa Mselem, muunganisha simu wa posta. Mwaka ule wa 1957, ukiinua simu Tanga ukasikia sauti ya kiume inasema "Namba tafadhali" kama mtu anayekukaribisha chai, ilikuwa ndiyo yake.

Siku ya tatu simu ya mezani kwa bawabu wa hospitali ikalia. Bawabu akamwita Mwanamkasi, uso umemkunjamana.

"Posta hapa," ikasema sauti. "Tunapima laini. Joto la kawaida la mwanadamu ni ngapi?"

Mwanamkasi akageukia ukuta ili bawabu asimwone meno. "Tisini na nane nukta nne, Farenhaiti."

"Laini nzima. Mapigo ya moyo?"

"Sabini na mbili."

"Yangu yamepita hapo. Ni ugonjwa gani?"

"Umbea," akajibu, akakata.

Ikawa desturi. Kila alasiri laini ya hospitali ilipimwa, na kila Jumapili Mselem alikwenda Barabara ya Nane, nyumbani kwa Saleha, shangazi yake Mwanamkasi, ambako binti alishinda siku ya mapumziko. Nyumba hiyo nani asiyeijua? Ukumbini haukosi watu kumi, wanne kati yao hawajulikani wameitwa na nani. Mselem alilazwa mkekani ili Mwanamkasi ajizoeze, akafungwa bendeji za kila namna mbele ya hadhara ile: bega, goti, kichwa, taya.

"Mkaze taya vizuri," Shangazi Saleha alisema, "tupumzike na maneno yake."

"Ukimkaza sana hatakula," akasema Praxeda, mwanafunzi mwenzake Mwanamkasi, msichana wa Maramba mwenye kicheko cha kuangusha sahani.

"Asile. Tangu aje, wali wangu haulali."

Mwanamkasi aliinama juu ya uso wa Mselem, pini mdomoni, akapitisha bendeji chini ya kidevu. Akaifungua, akaifunga tena, akaifungua. Mselem aliona.

"Waogopa nini, mpenzi? Mie si mtahini."

Hakumjibu pale mbele za watu. Alimjibu uani, akiosha mikono.

"Kitanda ninacholalia kilikuwa cha Bertha. Mwaka jana walifanya wanane, wakaanguka watatu, na hapana kurudia. Bertha aliondoka alfajiri kwa lori, hakumuaga mtu. Jina lake bado lipo kwenye ubao wa kitanda, kalikwangua kwa pini. Kila nikilala nalitazama." Akafunga bomba. "Baba yangu ni seremala, Mselem. Siku aliponileta huku, baraza zima la Pangani lilimcheka, kwamba kampeleka binti akaogeshe wanaume wa watu. Akawaambia, atarudi na cheti, nitakitengenezea fremu, mje mkisome. Fremu keshaitengeneza. Ipo ukutani, tupu."

Mselem akatafuta neno la kumchekesha. "Ukifaulu watakupeleka mbali. Ukianguka nitabaki nawe mie. Kwangu zote heri."

Lilikuwa neno baya, naye alijua lilipokwisha kutoka.

Sasa sikiliza alivyoharibu. Mselem alikuwa kijana aliyelelewa. Wiki ya nane akajiona amekalia mkeka wa watu miezi miwili bila kusema lililomleta, na majirani wameanza kuuliza. Kwa hiyo akafanya kama afanyavyo mtu mwenye heshima: akamwomba mjomba wake, Mzee Uweso, avae kanzu, apande basi la Pangani na barua ya posa. Mselem hakumwambia Mwanamkasi. Posa haipelekwi kwa binti, hupelekwa kwa baba.

Mzee Sadalla aliisoma, akafurahi, akakubali, majirani wakaalikwa kahawa. Alhamisi, siku nne kabla ya mtihani, akapanda basi na halua ndani ya kikapu. Hakwenda kwa binti yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Metroni, kumshukuru kwa malezi na kumjulisha kwamba mtoto keshaposwa.

Saa tisa Mwanamkasi aliitwa ofisini. Metroni, Mzungu mwembamba mwenye saa kifuani, alikuwa amekaa, halua iko mezani haijafunguliwa.

"Binti Sadalla, umechumbiwa?"

"La, Metroni."

"Baba yako anasema ndiyo. Amesharudi kwao, ana furaha sana." Akafungua daftari la kanuni, akaweka kidole. "Mwanafunzi mwenye mchumba hafanyi mtihani. Serikali haifundishi mtu miaka mitatu ili akapike. Ulitia sahihi hapa."

Mwanamkasi akaiona sahihi yake mwenyewe. 

"Sikujua, Metroni. Wallahi sikuambiwa."

"Jumatatu saa mbili watahini wanaanza. Kabla ya hapo nataka barua ya baba yako kwamba hakuna uchumba. Pasipo barua, utafunga sanduku."

Alikwenda mezani kwa bawabu, akainua simu bila ruhusa.

"Namba tafad—"

"Umenimaliza."

"Mwana? Kuna nini?"

Akamweleza kwa maneno machache. 

"Sikujua kanuni hiyo," akasema Mselem. "Nilitaka kukuheshimu."

"Ulisema nikianguka utabaki nami. Haya, umeniangusha kabla sijasimama. Zote heri."

"Mpenzi, nisikilize."

"Usinipigie tena."

Akakata. Usiku wa Ijumaa hakula. Jumamosi Praxeda alimshikia kitabu, akamwuliza dalili za pepopunda. Mwanamkasi akajibu za kichocho. Sanduku alilivuta kutoka chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo, akazitoa, akazikunja tena.

Jumamosi hiyohiyo Mselem alikwenda Pangani kwa basi, akamkuta Mzee Sadalla karakanani, maranda hadi vifundoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe."

"Nimekuja uache kuniita hivyo."

Akamweleza. Mzee akakaa juu ya gogo la mti, randa ikamtoka mkononi. "Nimemwua mwanangu kwa halua," akasema.

"Bado. Andika barua kwamba hakuna posa."

"Watu wamekunywa kahawa yangu. Posa ikirudi, wataniuliza ya nini. Ukiiondoa wewe, watasema umeona la kuona huko hospitali. Huyo binti atatazamika?"

"Ndiyo maana siiondoi. Nikatae wewe."

"Kwa kosa lipi? Nimekuulizia mji mzima, huna."

Mselem akatazama chini. "Sema mlevi. Hilo watu huliamini upesi."

Mzee akaiokota randa. "Nikishalisema, sitaweza kulifuta kwa mkono."

"Liseme. Naye binti yako usimwambie mpaka mtihani uishe. Akijua, atakuja kunitetea, na Metroni atajua tungali wachumba."

Barua ikamfikia Metroni Jumapili, kwa mkono wa baba mwenyewe. Bintiye alipomkimbilia langoni, mzee aliongea akiutazama mlingoti wa bendera. "Nimemkataa yule. Mlevi. Kafanye mtihani wako."

Habari za namna hiyo hazihitaji simu. Jioni ile Ngamiani yote ilijua. Mwanamkasi alikaa kitandani, akalirudia neno lile. Mlevi. Mtu ambaye kamfunga taya Jumapili nne, pua zao zikikaribia kugusana, na hakunusa ila iliki. Akakumbuka macho ya baba yalivyoukimbia uso wake. Polepole akaelewa ni nani aliyelitoa neno lile na amelilipia nini, na hofu mpya ikamwingia juu ya ile ya zamani: kwamba sasa akianguka, ataanguka na jina la mtu.

Jumatatu watahini wawili kutoka Dar es Salaam walikaa wodini na kalamu. Mwanamkasi alichomoa karatasi yake kwenye kisanduku cha maswali: kumpokea na kumsafisha kidonda mgonjwa wa kitanda cha sita. Koleo likamteleza na kulia kwenye bakuli. Mtahini akaandika kitu. Kitandani alilala bibi mmoja wa Kidigo, mguu umeoza kidole.

"Mwanangu," bibi akanong'ona, "waogopa?"

"Naogopa, bibi."

"Mie zaidi. Nakuomba usiniache peke yangu na hawa."

Mwanamkasi akamtazama, akawasahau watahini na kalamu zao. Akabadilisha koleo, akanawa upya, akaanza kutoka katikati ya kidonda kwenda nje, akimweleza bibi kila hatua kabla ya kumgusa. Alipomaliza, bibi ndiye aliyekuwa amemshika mkono, au yeye ndiye aliyemshika bibi.

Wiki sita za kungoja zilikuwa mbaya kuliko mtihani. Kila alipopiga simu ya wodi alisikia "Namba tafadhali," kavu, naye alitaja namba, akaunganishwa, basi. Mselem aliteseka kwa upande wake. Mkubwa wake alimnusa kila asubuhi kabla ya kumpa kiti. Barazani wenziwe walimpisha nafasi pana. Hakujitetea.

Ijumaa majina yakabandikwa. Praxeda alisoma kwanza, akapiga yowe lililomtoa Metroni ofisini. Mwanamkasi binti Sadalla alikuwa wa tatu.

Kesho yake saa nne foleni ya posta ilijaa hadi ngazini walipoingia wanawake watatu: Shangazi Saleha na kanga mpya inayochakacha, Praxeda, na Mwanamkasi katika gauni jeupe na mkanda wa waliofaulu. Shangazi akapita watu wote.

"Mwiteni Mselem."

"Yuko kwenye ubao wa simu, mama."

"Mwambie mshenga kaja."

Mselem akatoka, vyombo vya kusikilizia vikiwa bado shingoni, waya unaning'inia. Foleni nzima ikageuka.

"Umefaulu," akasema.

"Nimefaulu. Nimekuja kukuposa, kwa kuwa wewe umekataliwa na huwezi kuja."

"Hawaolewi walevi, Mwana."

"Nawaambieni nyote," akasema Mwanamkasi, akiigeukia foleni, "huyu pombe haijui. Baba yangu alilisema lile kwa kuombwa, na aliyeomba ni yeye, ili mie nifanye mtihani. Baba kakiri mwenyewe, yuko nje kwenye kivuli, anaona haya kuingia. Atakayesema tena mlevi, asije wodini kwangu na jipu."

Mtu akacheka, kisha wengi.

"Na Metroni?" akauliza Mselem.

"Jina langu liko kwenye daftari la wauguzi. Halifutwi kwa mume." Akashusha sauti. "Lakini wananipeleka Handeni, mwezi ujao. Naogopa huko pia."

"Handeni wana simu?"

"Moja."

"Moja yatosha," akasema Mselem, akaushika mkono wake mbele ya watu.

Ndani, taa za ubao zilikuwa zinawaka zote. Mabwana wa mkonge, bandari, stesheni ya reli, kila mmoja ameinua simu na hapana wa kumjibu. Watu wa Ngamiani husema Tanga ilikaa dakika nne bila simu siku ile. Shangazi Saleha, aliyekuwapo, husema zilikuwa kumi.