Kinyozi Aliyekata Juu

Siku ya soko Machakos, kwa kinyozi Mulwa kulikuwa kumejaa wanaume. Ndunge akaingia, blauzi ya njano imepigwa pasi, kitambaa cha maua kichwani.

"Niaje fundi. Unajua kufuga nywele ama ni kunyoa tu?"

Wanaume wakacheka. Mulwa akasahau mashine ikinguruma mkononi.

Ndunge akafungua kitambaa. Nywele zilikuwa fupi, zimekua upande upande. Dada yake, Syokau, alikuwa anaolewa Desemba na Ndunge ndiye msimamizi wa bibi harusi. Alitaka zifike urefu wa kusukwa.

"Kuja kila wiki mbili," Mulwa akasema. "Napunguza shingoni na kando, juu naacha ikue. Hivyo utakaa vizuri ukingojea."

Akawa anakuja. Wakataniana, wakanunuliana soda. Kila Jumapili Mulwa alipiga simu kwa jirani wa kina Ndunge, naye Ndunge akaitwa.

"Sasa, kichwa yangu?"

"Yako tangu lini, wewe?"

Lakini jambo moja lilimsumbua Mulwa. Zikifika za kusukwa, Ndunge ataenda saluni na wanawake wenzake. Kwake atafuata nini? Agosti, huku akimchekesha, akapunguza juu kidogo. Septemba tena. Alifagia haraka kabla Ndunge hajaangalia chini.

Ndunge akanunua mafuta ya bei. Akala mayai kila siku. Hakuna kitu.

"Labda ni damu yangu mbaya," akasema siku moja mbele ya kioo, macho yamelowa.

Mulwa akazima mashine.

"Si damu yako. Ni mimi. Nimekuwa nikikata juu."

"Unasema?"

"Niliogopa zikikua hutarudi."

"Si ungeniuliza tu, Mulwa!"

Akafunga kitambaa, akatoka. Mulwa alipiga simu wiki tano. Jirani alisema hayuko.

Baada ya harusi, Ndunge akapiga mwenyewe.

"Nilisimamia dada na kitambaa. Watu wakauliza kama mimi ni mgonjwa."

"Nisamehe, mpenzi."

"Bado. Nywele zangu hutashika tena. Lakini Jumamosi niko kwa Syokau. Kuja umwambie mwenyewe kwa nini picha zake ziko hivyo."

Jumamosi Mulwa alisimama mlangoni kwa Syokau, shati jeupe limeshika jasho mgongoni. Alisema yote, hakujitetea. Syokau akageukia dadake.

Ndunge akasogea kwenye kochi, akamwachia nafasi.

"Keti basi. Chai inapoa."