Mmoja Matundu, Mwingine Kisu

Kila asubuhi fundi baiskeli alifungua karakana yake mbele ya nyumba. Mkewe, Mama Pacha, aliweka cherehani yake palepale mlangoni. Mume aliziba pancha, mke alishona sare za shule. Walibishana kutwa nzima, na wateja walipenda kuwasikiliza.

"Mbona leo nati imekushinda?" Mama Pacha aliuliza siku moja.

"Ina kutu."

"Kutu unayo wewe. Tazama ulivyokonda! Twende hospitali."

Fundi alikuwa na homa ya ini ya muda mrefu. Alitakiwa kwenda kupimwa mara kwa mara, lakini alikuwa akikwepa. Safari hii picha ilionyesha uvimbe kwenye ini. Ulikuwa saratani.

"Haijasambaa," waliambiwa. "Atapasuliwa, uvimbe utolewe." Maelezo yakaishia hapo. Wao nao, kwa hofu, hawakuuliza kitu.

Upasuaji ulikwenda salama. Lakini Mama Pacha alipoingia wodini alishika mdomo. Bandeji ilitanda chini ya mbavu za mumewe, kutoka katikati ya tumbo hadi ubavuni. Mpira mwembamba wa kutolea maji ulining'inia pembeni. Fundi hakutaka kukohoa wala kuinuka. Kila akijaribu, jasho lilimtoka.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwapo mwenye duka la mbao. Alikuwa ameketi, anakunywa chai.

"Pole, shemeji," alisema. "Mimi pia nilikuwa na uvimbe wa ini. Tulipasuliwa siku moja."

"Wewe? Mbona umekaa hivyo?"

Yule bwana akafunua shati. Tumboni palikuwa na plasta ndogondogo, na moja ndefu kidogo chini ya kitovu. "Mimi walinitoboa matundu tu. Kesho narudi nyumbani."

Mama Pacha alimgeukia muuguzi aliyekuwa akipita.

"Kumbe!" alisema kwa sauti. "Mwenye duka anatobolewa kistaarabu, fundi baiskeli anapasuliwa kama gunia! Sista! Nani aliamua hivi?"

"Mama, punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Wangu naye mgonjwa! Namtoa leo hii. Nampeleka kwa watu wanaojua kazi."

"Nitoe," fundi alisema kwa shida. "Hata huo uvimbe sijui kama wameutoa."

Muuguzi aliona mambo yanaharibika. Akaenda kumwita daktari aliyewapasua wote wawili. Alikuwa mwanamke mrefu, bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji.

"Mama, nimeambiwa umekasirika."

"Nimekasirika sana! Kwa nini mwenzake matundu, yeye kisu?"

Daktari alivuta kiti, akaketi. Akakunja ngumi na kuishika mbele yao.

"Tuseme hili ndilo ini. Uvimbe wa huyu bwana ulikuwa huku, pembezoni. Ulikuwa mdogo. Nikatoboa matundu, nikaingiza kamera na vifaa vyembamba. Nikatazama kwenye skrini na kukata."

"Samahani, daktari," mwenye duka alidakia. "Uvimbe ulipitaje kwenye tundu dogo hivi? Nami limenikosesha usingizi hilo."

"Niliutia kwenye mfuko humohumo tumboni. Nikautoa hapo chini ya kitovu, penye plasta ndefu."

Kisha daktari akagusa nyuma ya ngumi. "Wa fundi ulikuwa huku ndani, umeegemea mshipa mkubwa wa damu. Mshipa huu ukichanika, damu hutoka kwa kasi. Nilitaka nafasi ya kuona na kushika kwa mikono yangu. Kwa hiyo nikafungua tumbo. Uvimbe wote umetoka. Sikutazama duka la mtu wala karakana ya mtu."

"Lakini matundu si ndiyo bora?" Mama Pacha aliuliza. Sauti ilikuwa bado kali.

"Pale yanapofaa, ndiyo. Maumivu hupungua, damu inayopotea huwa kidogo, na mgonjwa huwahi kurudi nyumbani. Lakini saratani yenyewe hutibiwa vizuri kwa njia zote mbili, mradi uvimbe utoke wote. Na hata tukianza kwa matundu, hatari ikitokea tunafungua. Njia huchaguliwa kwa mahali uvimbe ulipo, ukubwa wake, na uzoefu wa daktari."

Mama Pacha alimfunika mumewe shuka vizuri. Kisha akainuka.

"Nimekuelewa. Sasa na wewe nielewe. Maneno haya yote ulikuwa nayo kabla ya kumpasua. Kwa nini hukuyasema? Mwili ni wake! Tumekaa hapa tunawaza mabaya, kumbe jibu lilikuwa mdomoni mwako!"

Daktari alivua kofia.

"Hapo sina la kujitetea, mama. Tulipaswa kuwaeleza kabla, na kuwaacha muulize. Nisameheni."

Akamgeukia fundi. "Kutoka leo ni hatari. Mpira bado uko ndani. Unachotakiwa ni kuvuta pumzi ndefu, na kutembea kidogo kidogo. Dawa ya maumivu utapewa kabla ya kuinuka."

Jioni ile fundi alitembea hadi dirishani, ameshikwa bega na mkewe. Alinung'unika njia nzima. Mama Pacha alimjibu neno kwa neno.

Mwenye duka alitangulia kutoka. Fundi alikaa wodini zaidi, na alichelewa zaidi kurudi kazini. Lakini alirudi. Picha za baadaye zilionyesha ini safi, linalokua tena kujaza sehemu iliyokatwa. Tangu hapo hakukwepa kliniki hata mara moja.

Siku moja ya kliniki walikuta mlango wa daktari uko wazi. Ndani kulikuwa na mgonjwa mpya na mumewe. Daktari alikuwa akiwachorea ini ubaoni, uvimbe ukiwa na rangi nyekundu.

Mama Pacha alichungulia. "Dada, muulize kama kwako yanafaa matundu au la! Usiondoke bila jibu!"

"Mama Pacha," daktari alisema bila kugeuka, "ndiyo nilikuwa nafika hapo."

"Basi fika. Tunasikiliza."